Mhuri na Mkono: Historia ya Nakshi za Kugongwa katika Nchi ya Wahaya

Utamaduni wa taifa hauishi katika ngoma na nyimbo peke yake. Umo vilevile katika vitu vidogo ambavyo watu huvaa, huvitumia na kupeana: bangili mkononi, kikapu cha kahawa kinachotandikwa mbele ya mgeni, mtungi wa maji, kipande cha nguo anachofunikwa bibi harusi. Mwaka 1962, Tanganyika huru ilipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, jambo lililokusudiwa ni kuwarudishia wananchi heshima ya vitu vyao wenyewe baada ya miaka mingi ya kuambiwa kwamba havina thamani. Katika makala haya tutaitazama sanaa moja ambayo kwa kawaida haitajwi kabisa katika orodha za sanaa zetu, yaani sanaa ya kutia nakshi kwa kugonga au kugandamiza alama. Tutaitazama hasa katika nchi ya Wahaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, katika wilaya za Bukoba, Muleba na Missenyi, kuanzia Ngenge na vijiji jirani hadi Maruku na Kiziba.

Mtu akitaja mhuri, wengi wetu hukumbuka meza ya ofisi, kidau cha wino wa zambarau na karani anayegonga karatasi. Ndiyo maana watu hudhani kwamba mhuri ulikuja na serikali ya kikoloni, na kwamba kijana au mama anayechonga kipande cha raba ili kupambia hereni, kadi au kitambaa cha zawadi anaiga mambo ya kigeni. Dhana hiyo si sahihi. Raba ndiyo ngeni. Kugonga nakshi ni kazi ya kale. Tena mhuri una sifa moja inayoutofautisha na kalamu: anayechora kwa kalamu huanza upya kila mara, bali anayegonga mhuri huurudia uamuzi mmoja aliokwisha kuufanya kwa uangalifu. Historia ya sanaa hii basi ni historia ya maamuzi yaliyorithiwa.

Udongo

Ushahidi wa kale kuliko wote tulio nao uko katika vigae. Mwaka 1948 mtaalamu Mary Leakey na mumewe Louis Leakey, pamoja na kasisi W. E. Owen, walitoa taarifa juu ya vyungu vya kale vilivyochimbuliwa katika jimbo la Nyanza, nchini Kenya. Kwa kuwa vingi kati yake vilikuwa na kibonyeo chini ya kitako, kana kwamba mfinyanzi alikuwa amebonyeza kwa kidole kabla udongo haujakauka, waliviita kwa jina la kibonyeo hicho. Baadaye jina la Urewe, mahali vilipopatikana, ndilo lililoshika. Vyungu vya namna hiyo hiyo vimechimbuliwa Katuruka, karibu na Maruku, na katika ghuba ya Kemondo. Vya kale zaidi vilifinyangwa yapata karne tano kabla ya kuzaliwa Kristo, na ufinyanzi huo uliendelea katika nchi za Maziwa Makuu kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Nakshi za vyungu vya Urewe zilikuwa hasa za kuchora: mistari sambamba, michoro ya kukingamana, na mizunguko iliyopinda kwa ustadi mkubwa. Lakini kile kibonyeo cha kitakoni ni alama ya kugandamizwa, na mhuri wake ulikuwa kidole cha mtu. Mfinyanzi huyo hatulijui jina lake wala lugha yake, bali alama ya kidole chake tunaweza kuitia kidole chetu leo.

Katika milenia ya kwanza, mtindo mwingine ulianza kuenea katika nchi hizi. Mfinyanzi alichukua kamba fupi iliyosokotwa, au ukanda wa majani uliofungwa vifundo, akaubingirisha juu ya udongo mbichi. Kila kamba ilipozunguka iliacha safu za vijitundu vinavyofanana, na chungu kizima kikavikwa vazi la nakshi kwa muda mfupi. Huu, ukitazama vizuri, ni mhuri wa kuviringisha. Anayesokota kamba ndiye anayeamua nakshi. Mkono unaoibingirisha hufuata. Ukikaza msokoto, alama zinakuwa ndogo na za karibu, ukiulegeza, zinatanuka. Njia hiyo imeendelea kwa karne nyingi, na katika nchi za Maziwa Makuu haijatoweka hata sasa.

Jambo la kuzingatia ni kwamba nakshi hizo hazikuwa urembo mtupu. Vijitundu huufanya mtungi ushikike vizuri mikononi unapolowa maji. Hapa tunapata somo la kwanza: katika sanaa ya wazee wetu, uzuri na manufaa vilikaa nyumba moja.

Gome la mti

Nguo ya heshima katika Buhaya kabla ya pamba ilikuwa nguo ya gome, ambayo Wahaya huiita orubugo. Hutokana na mti wa jamii ya mtini unaopandwa kando ya migomba. Fundi huchanja gome, hulibandua kwa uangalifu kwa kipande kizima, kisha shina lililobaki uchi hufungwa kwa majani ya mgomba ili lisikauke. Mti haufi, huota gome jipya, na mti mmoja huweza kuvunwa kwa miaka mingi.

Gome likishalainishwa hutandazwa juu ya gogo na kupigwa kwa rungu la mti. Rungu hilo si laini. Limechongwa mifereji kuzunguka kichwa chake. Fundi huanza na rungu lenye mifereji mipana, akaendelea na la mifereji ya kadiri, akamalizia na la mifereji myembamba. Gome hutanuka mara kadhaa kupita upana wake wa awali, na mifereji ya rungu hubaki juu yake kama mistari midogo iliyosimama, hata mtu akiitazama kwa mbali huidhani kuwa imefumwa. Kisha huanikwa juani ikageuka rangi ya udongo mwekundu.

Rungu hilo la mifereji lilikuwa mhuri. Halikugonga picha juu ya nguo iliyokwisha kutengenezwa. Liliitengeneza nguo na kuitia nakshi kwa pigo moja. Mafundi wa nchi jirani ya Buganda waliendelea mbele zaidi, wakazipamba nguo za gome za watu wa jumba la kifalme kwa michoro ya rangi nyeusi. Nguo ya gome ilivaliwa na walio hai na iliwasitiri waliokufa. Ilikuwa zawadi ya kuanzia maisha na ya kuyamalizia.

Mwaka 2005 utengenezaji wa nguo za gome nchini Uganda ulitangazwa na UNESCO kuwa miongoni mwa urithi wa wanadamu wote, na mwaka 2008 ukaingizwa katika orodha ya kudumu ya urithi huo. Siku hizi mafundi wa huko hutengeneza kwa gome mikoba, majalada ya vitabu, kofia na hereni. Sisi wa upande wa kusini wa mpaka tulikuwa na mti uleule, rungu lilelile na ustadi uleule. Lakini kwetu rungu limebaki zaidi katika makumbusho na katika kumbukumbu za wazee.

Chuma na shaba

Mapambo ya mwilini katika nchi hizi yalikuwa ya nyuzi, shanga, kauri, chuma na shaba. Kauri zilitoka Bahari ya Hindi, zikavuka bara mkononi mwa wafanyabiashara, na mpaka mwanzoni mwa utawala wa kikoloni zilikuwa pambo na fedha kwa pamoja. Makuhani wa mizimu walizivaa katika ibada zao. Shaba ilifika katika sura ya masango, yaani waya mnene, ambao mafundi waliuvuta ukawa udodi mwembamba kama uzi. Udodi huo ulizungushwa juu ya nyuzi za mmea au unywele wa mkia wa mnyama, ukawa kikuku chepesi cha mguuni. Mwanamke mwenye vikuku vingi alisikika kabla ya kuonekana.

Wazungu wa kwanza kufika Karagwe, Speke na Grant, walipokelewa na Mfalme Rumanyika mwezi Novemba 1861. Stanley alifika huko mwaka 1876. Wageni hao walikuta hazina ya kifalme iliyowashangaza. Miongoni mwa vitu vinavyojulikana kutoka hazina hiyo ni ng'ombe wadogo wa chuma wenye pembe ndefu zilizopinda, mikuki iliyopambwa, na fuawe zenye umbo la nyundo. Fuawe ilikuwa alama ya ufalme kwa sababu mhunzi alihesabiwa kuwa baba wa jamii: bila yeye hapakuwa na jembe la kulimia, wala mkuki wa kulinda, wala jembe la mahari.

Huko Katuruka masimulizi ya wazee humtaja Mfalme Rugomora Mahe na mahali paitwapo Kaiija, ambapo wahunzi walifua chuma. Mwaka 1970 mtaalamu wa mambo ya kale Peter Schmidt, akiongozwa na masimulizi hayo, alichimba mahali hapo na kukuta mabaki ya kazi ya chuma ya kale sana. Masimulizi ambayo wakoloni waliyaita hadithi za kando ya moto yalithibitika kuwa ramani. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliokuwa wamefanya kazi hiyo ujanani mwao walijenga tena tanuri na kuyeyusha chuma mbele ya watafiti. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery walitangaza katika jarida la Science kwamba mafundi wa nchi hii walikuwa na njia ya kuipasha moto hewa ndani ya mabomba ya udongo kabla haijafika kwenye makaa, na kwamba ujuzi huo ulikuwa wa zamani sana.

Lakini tutazame umri wa waliofanya kazi hiyo mwaka 1976. Walikuwa wazee. Kwa miongo kadhaa hapakuwa na tanuri lililowashwa, kwa sababu majembe ya kiwandani kutoka Ulaya yalikuwa rahisi kununua. Ujuzi uliojengwa kwa miaka elfu mbili ulibaki katika vichwa vya watu wachache wenye mvi. Mwaka 1978 vita vilivyoletwa na Idi Amin vikaingia katika mkoa huo, ambao baada ya vita uliitwa Kagera. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania waligunduliwa katika mkoa uo huo, na katika miaka iliyofuata ugonjwa huo uliwachukua hasa watu wazima wenye nguvu, wale ambao ndio huupokea ujuzi kwa wazee na kuwapa watoto. Babu na bibi wakabaki na wajukuu, na daraja la katikati likavunjika. Nyumba nyingi zilipoteza si wazazi tu bali na mikono iliyojua kazi.

Kitambaa cha pwani

Ingawa makala haya ni ya nchi ya Wahaya, haiwezekani kuzungumzia mhuri katika Tanzania bila kuitaja pwani. Mkataba wa biashara baina ya Marekani na Sultani wa Unguja ulitiwa saini mwaka 1833, na kitambaa cheupe cha nchi hiyo kikaenea mpaka kikaitwa merikani. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, akina mama wa Unguja walianza kuunganisha leso kwa kuzishona zikawa nguo moja pana. Vilevile merikani iligongwa nakshi kwa mihuri ya kuchongwa, na hizo ndizo zilizotangulia kanga za kiwandani. Baadaye kanga zilichapwa India, Uholanzi, Uingereza na Japani, mpaka nchi huru zilipojenga viwanda vyao. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa mwaka 1968.

Kanga ilifika Bukoba kama ilivyofika kila mahali, ikachukua nafasi ya nguo ya gome katika harusi na katika msiba. Kwa hiyo mhuri mmoja uliondoa mwingine. Tofauti ni kwamba rungu la gome lilichongwa na jirani, na mhuri wa kanga ulikuwa mbali na macho ya mnunuzi.

Raba na ofisi

Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua njia ya kuipika raba pamoja na salfa ili isinyauke kwa baridi wala isiyeyuke kwa joto. Bila ugunduzi huo mhuri wa raba usingewezekana. Katika nusu ya pili ya karne hiyo mihuri ya raba ilienea katika ofisi za dunia nzima, na tamaa ya raba ikaiingia Afrika. Katika Kongo ya Mfalme Leopold watu waliuawa na kukatwa mikono kwa ajili yake. Katika Tanganyika ya Wajerumani utomvu wa mimea ya porini uliuzwa nje, na mashamba ya mipira yakapandwa, mpaka bei ilipoanguka mwaka 1913.

Kwa hiyo raba iliondoka Afrika ikiwa utomvu, ikarudi ikiwa mhuri wa boma. Ilirudi na sauti ya amri. Karatasi ya kodi, kipande cha kazi na kibali cha kusafiri havikuwa na nguvu mpaka vimegongwa. Mtu ambaye bibi yake alikuwa akibingirisha kamba juu ya mtungi alifundishwa kuamini kwamba mwenye haki ya kugonga alama ni serikali tu. Wakati huohuo mafundisho ya kigeni yaliwataka waumini wapya wavue mapambo ya kale kwa kuwa ni ya kishenzi. Mkono ukanyang'anywa mhuri, na mwili ukanyang'anywa pambo.

Mhuri unaporudi mkononi

Baada ya Azimio la Arusha, nchi ilisisitiza viwanda vidogo, na mwaka 1973 Bunge lilipitisha sheria iliyounda SIDO, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo. Katika miaka iliyofuata vikundi vya akina mama mahali pengi nchini vilijifunza kutengeneza batiki. Kazi yenyewe ni ya mhuri. Nta huyeyushwa motoni. Mhuri wa mbao au wa sponji iliyokatwa huchovywa humo na kugongwa juu ya kitambaa cha pamba. Kitambaa hutiwa rangi. Palipo na nta rangi haiingii. Kisha nta hutolewa kwa maji ya moto na nakshi ikabaki.

Mhuri wa raba hufuata kanuni zilezile, nao hauhitaji mtaji. Kandambili kuukuu au kifutio cha shule huchongeka kwa wembe. Mchongaji huchora kwanza nakshi yake kwa penseli, akaondoa sehemu zisizotakiwa wino, akakigundisha kipande hicho juu ya kibao ili kishikike. Akitaka herufi, lazima azichonge kinyume, maana mhuri husema kinyume cha uso wake. Kwa mhuri huo huweza kupamba bahasha, kadi ya harusi, kisanduku cha zawadi, ngozi ya bangili, kipande cha gome cha hereni. Akiugandamiza juu ya ushanga wa udongo mbichi na kuuchoma, amefanya kazi ileile ya mfinyanzi wa Kemondo, ila kidole chake kimepata msaidizi.

Wapo wasemao kwamba kitu kilichogongwa mhuri si kazi ya mkono, kwa kuwa mia moja hufanana. Hoja hiyo ina uzito, lakini haiitazami historia. Kamba ya mfinyanzi ilirudia, rungu la gome lilirudia, na hakuna aliyeviita vitu hivyo vya bandia. Kinachoondoa uhai si kurudia, bali ni kurudia nakshi isiyo na mwenyewe. Zawadi iliyotengenezwa Bukoba ikagongwa picha ya Mlima Kilimanjaro na simba, kwa sababu tu ndivyo wageni wanavyotarajia, haisemi lolote juu ya Bukoba. Lakini nchi hiyo ina ng'ombe wa chuma wenye pembe zilizopinda. Ina mizunguko ya vyungu vya Urewe. Ina jani la mgomba na tunda la mbuni. Hizo ni nakshi zinazongoja mchongaji.

Tukumbuke pia maana ya zawadi katika Buhaya. Mgeni hupewa buni zilizochemshwa na viungo na kukaushwa, ziitwazo emwani, azitafune. Na zamani watu wawili waliotaka kuwa ndugu wa damu waligawana buni za tunda moja. Thamani haikuwa katika buni yenyewe, ambayo kila shamba lilikuwa nayo, bali katika mkono ulioitoa na kikapu kilichosukwa kwa ajili yake. Zawadi iliyotiwa alama na mtoaji mwenyewe hufuata mila hiyo, kwa kuwa humwambia mpokeaji: nilikukusudia wewe.

Nini basi kifanyike? Katika miaka ya 2000 wazee wa Katuruka walijitahidi wenyewe kuhifadhi mahali pao pa kale na kuwapokea wageni, wala hawakungoja kusukumwa. Mfano huo waweza kufuatwa na shule zetu, kuanzia Ngenge hadi Bukoba mjini. Mwalimu wa sanaa hana haja ya kungoja vifaa kutoka mbali. Awatume wanafunzi kwa bibi zao wakaulize nakshi za mitungi na vikapu, waziandike pamoja na majina na maana zake, kisha wazichonge katika raba. Mwanafunzi atakuwa amejifunza historia, lugha na kazi ya kujipatia riziki kwa wakati mmoja. Naye bibi atakuwa amepata mrithi.

Kazi hiyo haiwezi kuahirishwa. Tanuri la mwaka 1976 liliwashwa kwa sababu bado walikuwapo wazee waliojua kuliwasha. Kwa upande wa nakshi, wapo akina bibi wanaojua hata leo, lakini kila msiba hupunguza idadi yao. Alama isiyogongwa na mtu mwingine hufa na mkono wa mwenyewe.